Shajara ya Mradi: Papaini ya Mpapai, Kutoka Utomvu hadi Umbo

Shajara hii inawekwa na kikundi cha watu wanne katika maabara ya biokemia ya chuo kikuu, Dar es Salaam: mhadhiri mmoja (ndiye anayeandika), wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili na fundi wa maabara. Inakusudiwa kumsaidia mwalimu au mwanafunzi mwingine anayetaka kufanya utafiti wa umbo na kazi ya protini kwa vifaa vya kawaida. Kwa sababu hiyo hatua zilizokwenda vizuri zimeelezwa kwa ufupi, na zile zilizotushinda zimeelezwa kwa kirefu.

5 Februari 2024: Kwa nini papaini

Wapishi wa pwani wanajua tangu zamani kwamba nyama ngumu ya mishkaki ikipakwa papai bichi lililosagwa hulainika ndani ya saa chache. Kinachofanya kazi hiyo zaidi ni papaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu mweupe wa tunda bichi, ambacho hukata minyororo ya protini nyingine. Jina hilo lilitolewa mwaka 1879 na Wurtz na Bouchut nchini Ufaransa, na mwaka 1968 kundi la Jan Drenth katika Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, lilichapisha umbo lake lililopatikana kwa eksirei. Papaini ilikuwa miongoni mwa vimeng'enya vya mwanzo kabisa ambavyo binadamu aliweza kuona jinsi vilivyokunjwa.

Tumeichagua kwa sababu tatu. Malighafi yake inaota nyuma ya nyumba zetu. Ni molekuli ndogo, yenye asidi amino (viungo vinavyounganishwa kuwa mnyororo wa protini) 212 na uzito wa kilodaltoni 23.4 (kipimo cha uzito wa molekuli), kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuifahamu yote. Tena kazi yake inategemea mahali pamoja panapojulikana vizuri: sisteini ya 25 (yaani asidi amino ya 25 katika mnyororo, yenye salfa), inayosaidiwa na histidini ya 159 na asparajini ya 175. Lengo letu ni kuitenga kutoka kwenye utomvu, kupima kazi yake, kisha kuhusisha kila kipimo na umbo lililokwisha kujulikana, na mwishoni kujaribu kuigandisha iwe fuwele.

19 Februari 2024: Utomvu wa kwanza

Tulikwenda kwenye shamba moja la Mkuranga alfajiri, wakati utomvu unapotiririka vizuri zaidi. Kila papai bichi lililokomaa lilichanjwa mistari minne ya wima, yenye kina cha milimita mbili hivi, na matone yakakingwa kwenye sinia. Baada ya dakika chache tunda huacha kutoa. Matunda 60 yalitupa gramu 310 za utomvu mbichi, ambao baada ya kukauka ulibaki gramu 54, kwa kuwa sehemu kubwa ya utomvu ni maji.

Tulitumia kisu cha chuma cha jikoni na tukaanika utomvu juani kwa siku tatu. Mzee mwenye shamba alitutahadharisha kwamba chuma huufanya utomvu uwe mweusi, nasi tukadhani anazungumzia rangi tu. Ulipokauka ulikuwa wa kahawia na wenye harufu kali. Atakayerudia kazi hii avae glavu na miwani, kwani utomvu huu huchubua ngozi, na mmoja wetu alikaa wiki nzima na vidole vilivyobabuka.

*Nyongeza, 11 Machi.* Baada ya kupata njia ya kupima (tazama hapa chini), tulirudi shambani na kuchanja kwa wembe usioshika kutu, tukakingia kwenye bakuli za plastiki, tukachanganya na metabisalfaiti ya sodiamu kidogo (huzuia madhara ya oksijeni), kisha tukakausha kwenye oveni ya nyuzi 50 za Selsiasi badala ya jua. Kwa kila gramu ya utomvu mkavu, mzigo huu wa pili ulikuwa na utendaji wa karibu mara nne ya ule wa kwanza. Sababu imo katika sisteini ya 25: salfa yake huungana na oksijeni kwa urahisi, na madini ya chuma huharakisha jambo hilo. Mzee alikuwa sahihi, na alistahili kusikilizwa siku ile ile. Safari zote za Mkuranga pamoja na malipo ya shambani zimegharimu shilingi 240,000.

4 Machi 2024: Kipimo ambacho hakikupima

Njia tuliyoichagua ni ya kazeini, yaani protini ya maziwa. Kimeng'enya huachwa kiikate kwa dakika kumi katika nyuzi 37, kisha asidi ya trikloroasetiki huongezwa ili vipande vikubwa vitulie chini, na vile vidogo vilivyobaki kwenye kimiminika hupimwa kwa spektrofotometa (kifaa kinachopima mwanga uliofyonzwa) katika nanomita 280, ambapo asidi amino za tirosini na triptofani hufyonza miali ya urujuanimno.

Kwa wiki mbili majibu hayakuwa na maana. Tukiongeza kimeng'enya maradufu, namba ilisogea kidogo tu au haikusogea kabisa. Tukirudia kipimo kile kile, tulipata jibu tofauti. Tulitilia shaka kazeini, tukatengeneza bafa (mmumunyo unaozuia pH isibadilike) upya mara tatu, tukabadilisha hata maji. Mwishowe fundi wa maabara alipendekeza tupime kuveti (kichupa cha kuwekea sampuli) tupu dhidi ya hewa, na hapo ndipo ilipobainika kwamba kuveti zetu za plastiki ya kawaida zilikuwa zikifyonza karibu miali yote kabla haijafika kwenye sampuli. Plastiki hiyo inafaa kwa nuru inayoonekana kwa macho, lakini katika nanomita 280 ni kama ukuta.

Tulinunua kuveti mbili za kwatzi kwa shilingi 420,000, gharama iliyotuuma kwa sababu haikuwemo kwenye bajeti. Siku ile ile mstari wa majibu ulinyooka. Tumejifunza pia kuweka katika kila kipimo mrija wa ulinganisho ambao asidi inatangulia kuingia kabla ya kimeng'enya, kwa kuwa sisteini huru tunayoiongeza ili kukiamsha, yaani kuachilia salfa ya sisteini ya 25 iliyofungwa, nayo hufyonza kidogo ikishaungana na oksijeni.

15 Aprili 2024: Kutenga kwa chumvi, na usiku bila umeme

Tulifuata kwa karibu njia ya watafiti Kimmel na Smith ya mwaka 1954. Utomvu mkavu ulisagwa pamoja na mchanga safi na mmumunyo wa sisteini, ukachujwa; pH ikapandishwa hadi 9 na mashapo yakatupwa; kisha amoniamu salfeti ikaongezwa hadi asilimia 45 ya kiwango cha kukolea, ambapo papaini huzama. Mashapo hayo yaliyeyushwa tena katika sisteini, yakazamishwa kwa chumvi ya kawaida. Hatua hizi hazikutusumbua. Chumvi na kemikali za msingi zimegharimu shilingi 310,000.

Kilichotusumbua ni uhifadhi. Mmumunyo wetu wa kwanza tuliuacha kwenye friji ukiwa na sisteini milimola 20 kwa lita, yaani ukiwa umeamshwa kikamilifu. Usiku huo umeme ulikatika kwa saa tisa, na asubuhi kipimajoto cha friji kilionyesha nyuzi 21. Zaidi ya nusu ya utendaji ilikuwa imepotea. Papaini ni protini kama protini nyingine, na ikiwa macho bila kitu cha kukata, hukatana yenyewe kwa yenyewe. Tangu hapo tunaihifadhi ikiwa mashapo ndani ya amoniamu salfeti, bila sisteini, na tunaamsha kiasi cha siku hiyo tu. Umeme umekatika mara mbili baada ya hapo, na mashapo hayakupoteza chochote tulichoweza kukipima.

29 Aprili 2024: Jeli isiyo na bendi

Ili kujua usafi wa sampuli tuliipitisha kwenye jeli ya akrilamidi yenye sabuni ya SDS, ambayo hutenganisha protini kwa ukubwa. Tulitarajia bendi (mstari wa protini) nene karibu na kilodaltoni 23. Tulipata ukungu wa buluu chini kabisa ya jeli, chini ya alama ya kilodaltoni 14, na juu yake hakuna kitu.

Wazo letu la kwanza lilikuwa kwamba tumepoteza papaini katika hatua za chumvi, lakini sampuli hiyo hiyo ilikuwa ikikata kazeini vizuri sana. Ilibidi tusome tena orodha ya vitu tulivyokuwa tukiitilia: bafa ya sampuli ina mekaptoethanoli, ambayo kazi yake ni kufungua madaraja ya salfa, lakini kwa papaini hiyo ndiyo dawa ya kuiamsha. Nasi tulikuwa tukiichanganya katika joto la chumba, tukizungumza, tukisubiri kwa dakika kumi maji yachemke. Sabuni hufungua protini dhaifu kwanza, na papaini ni ngumu kuliko nyingi. Kwa hiyo katika dakika zile kumi, molekuli zilizokuwa bado zimesimama zilikuwa zikizila zile zilizokwisha kufunguka.

Suluhisho linalojulikana ni kuizima kwanza kwa iodoasetamidi, ambayo hujifunga kwenye salfa ya sisteini ya 25 na haiachii tena. Tulinunua kwa shilingi 175,000, tukaitia milimola 10 kwa lita, na jeli ya pili ikatoka na ukungu ule ule. Kosa hili la pili ni la hesabu. Mmumunyo wetu ulikuwa na sisteini huru milimola 20, na kila molekuli ya sisteini hiyo ilikuwa ikinyakua iodoasetamidi kabla haijafika kwenye kimeng'enya. Tulipoongeza hadi milimola 50, tukaiacha gizani kwa dakika 15, kisha tukamimina sampuli moja kwa moja kwenye bafa inayochemka, bendi ilionekana mahali pake, ikiwa na nyingine mbili hafifu juu yake.

27 Mei 2024: Safu isiyofaa

Bendi hafifu zilitarajiwa. Utomvu wa papai una vimeng'enya vingine vya ukoo huo huo, kama vile kimopapaini na karikaini, vinavyofanana na papaini kwa umbo na karibu kwa uzito, hivyo chumvi haitoshi kuvitenga. Vinatofautiana zaidi kwa chaji.

Kabatini kulikuwa na resini ya DEAE (punje zenye chaji, hujazwa kwenye bomba liitwalo safu ili zishike protini) iliyobaki kutoka mradi wa zamani, tukaitumia kwa kuwa haikutugharimu kitu. Protini yote ilipita moja kwa moja bila kushika. Tungeweza kulijua hili bila kulowesha mikono: chaji chanya na hasi za papaini hulingana katika pH ya 8.7 hivi, maana yake katika pH 7 tuliyoitumia molekuli nzima ina chaji chanya, na resini ya DEAE nayo ni chanya. Vitu viwili vyenye chaji moja husukumana.

Tuliagiza resini nyingine, selulosi ya CM, yenye chaji hasi, kwa shilingi 780,000 pamoja na usafirishaji, na tukasubiri wiki tano. Katika bafa ya asetati yenye pH 5 papaini ilishika vizuri, kisha ikatoka mwanzo tulipopandisha chumvi polepole, kabla ya jamaa zake ambao chaji yao chanya ni kubwa zaidi. Jeli ya sehemu ya kati ya papaini iliyotoka ilikuwa na bendi moja. Ipo pia njia ya safu yenye zebaki, ambayo hukamata salfa ya kitovu tendaji (mahali panapofanya kazi ya kukata) pekee na hutoa kimeng'enya hai peke yake. Tumeiacha kwa sababu hatuna mahali salama pa kutupa zebaki, na ninaamini maabara yoyote isiyo na mahali hapo iiache vilevile.

15 Julai 2024: Bendi moja haimaanishi kimeng'enya hai

Hii ndiyo hatua iliyotufundisha zaidi, na nitaieleza kwa urefu.

Baada ya safu, utendaji kwa kila miligramu ulikuwa chini mno kwa protini iliyoonekana safi hivyo. Sehemu ya tatizo ilikuwa ya kwetu. Tulikuwa tukikadiria kiasi cha protini kwa kanuni ya haraka inayosema ufyonzaji wa 1.0 katika nanomita 280 ni miligramu moja kwa mililita. Papaini ina triptofani 5 na tirosini 19, nyingi kwa molekuli ndogo kama hiyo, na miligramu moja kwa mililita hufyonza takriban 2.5. Sampuli tuliyoiandika kuwa na miligramu 2.3 ilikuwa na 0.92 tu. Kila hesabu ya miezi miwili ilibidi irudiwe kwenye daftari.

Hata baada ya kusahihisha, utendaji haukufikia tulipotarajia. Swali likawa: kati ya molekuli hizi zote, ni ngapi zenye sisteini ya 25 iliyo hai? Hapa umbo linatoa njia nzuri ya kuhesabu. Papaini ina sisteini saba. Sita zimefungana mbili mbili kuwa madaraja matatu ya salfa yanayoshikilia mkunjo, na ni moja tu iliyo huru, nayo ndiyo inayofanya kazi. Basi kitendanishi cha Ellman, ambacho hutoa rangi ya manjano kinapokutana na salfa huru, kinapaswa kutoa jibu lisilozidi moja kwa kila molekuli.

Jibu letu la kwanza lilikuwa 11. Protini yenye sisteini saba haiwezi kuwa na salfa huru kumi na moja, na nilifurahi kwamba mwanafunzi aliyefanya kipimo hicho aliligundua hilo mwenyewe kabla ya kuniletea. Rangi ilikuwa inatoka kwenye sisteini ya kuamshia, ambayo hatukuiondoa. Tuliipitisha sampuli kwenye safu fupi ya Sephadex G-25, inayochelewesha molekuli ndogo na kutanguliza kubwa, tukapata 0.46. Kisha tukaiamsha upya kwa sisteini mbichi pamoja na EDTA, ambayo hufunga madini kama chuma, tukaondoa tena sisteini na kupima haraka: 0.71.

Tunalielewa jambo hili hivi. Robo hivi ya molekuli ilikuwa imelala tu, salfa yake ikiwa imefungwa na kitu kinachoweza kuondolewa. Asilimia 29 iliyobaki haikurudi, na yaelekea salfa yake imeshika oksijeni kwa namna ambayo sisteini haiwezi kuirekebisha. Kwenye jeli, molekuli hizi zote ni bendi moja, kwa sababu atomu moja au mbili za oksijeni hazibadilishi uzito kiasi cha kuonekana. Kitendanishi kiligharimu shilingi 260,000, na mwenye bajeti ndogo akinunue kabla ya resini, kwa kuwa kingetuonyesha tatizo hili miezi miwili mapema.

5 Agosti 2024: Kutazama umbo, na namba zilizotupoteza

Tulipakua umbo lenye alama 9PAP kutoka Benki ya Data ya Protini, hifadhi ya wazi iliyoanzishwa mwaka 1971, na kulifungua kwa programu ya ChimeraX isiyotozwa fedha kwa matumizi ya kitaaluma. Molekuli ina nusu mbili zilizokaribiana, na kati yake kuna mfereji ambamo protini inayokatwa hulala. Sisteini ya 25 imekaa mwanzoni mwa parafujo ndefu (sehemu ya mnyororo iliyojipinda kama skrubu) ya nusu moja, na histidini ya 159 inaielekea kutoka nusu ya pili. Wanafunzi waliokuwa wakiihesabu papaini kwa namba tangu Februari walikaa mbele ya picha hiyo zaidi ya saa moja, wakiigeuza.

Mmoja wao alitaka kulinganisha na umbo lililokadiriwa na AlphaFold (programu inayokisia maumbo ya protini), akapaka rangi asidi amino ya 25 na kukuta iko mbali kabisa na mfereji. Alidhani makadirio yamekosea. Kosa lilikuwa la namba: mpapai hutengeneza kwanza mnyororo mrefu wa asidi amino 345, kisha 133 za mwanzo hukatwa, na ndipo papaini kamili hubaki. Katika faili la mnyororo mzima sisteini yetu ni ya 158, histidini ni ya 292 na asparajini ni ya 308. Ukijumlisha 133, maumbo yote mawili yanakubaliana.

26 Agosti 2024: Mchoro wa pH

Papaini hufanya kazi salfa ya sisteini ikiwa imeachia hidrojeni yake na histidini ikiwa imeshika yake, hali inayopatikana takriban kati ya pH 4 na 8.5. Tulitarajia mchoro wenye umbo la kengele. Upande wa juu ulitoka sawa, ila upande wa chini ulianguka ghafla kabla ya pH 5. Kimeng'enya hakikuwa na hatia, kwani kazeini yenyewe huganda karibu na pH 4.6, kama maziwa yanayochachuka, na kilichoganda hakikatiki vizuri. Tumelirudia jaribio kwa BAPNA, molekuli ndogo isiyoganda ambayo ikikatwa hutoa rangi ya manjano inayopimwa katika nanomita 410. Gharama yake ni shilingi 330,000. Kengele imekamilika pande zote mbili.

23 Septemba 2024: Fuwele za kwanza, ambazo hazikuwa

Jumla ya matumizi hadi leo ni shilingi 2,515,000, bila kuhesabu vifaa vya jeli vilivyotolewa na idara.

Tuliweka papaini safi katika matone madogo juu ya mmumunyo wa chumvi ndani ya visahani vilivyozibwa, katika nyuzi 4. Siku ya sita vipande vyenye kingo kali vilionekana kwa hadubini, na habari ikaenea korido nzima. Kabla ya kumwandikia yeyote tulifanya majaribio mawili. Fuwele ya protini imejaa maji, hivyo hunywa rangi ya methilini buluu na husagika kirahisi ikiguswa kwa sindano. Zetu zilibaki nyeupe, na sindano ikateleza juu yake mpaka kimoja kikavunjika kwa mlio. Ilikuwa chumvi.

Tumepunguza chumvi kwenye visahani vipya 24, tumepandisha ukolezi wa papaini hadi miligramu 15 kwa mililita, na safari hii tumetumia kimeng'enya kilichozimwa kwa iodoasetamidi ili kisijile kwenye tone. Visahani vimo ndani ya boksi la barafu lililowekwa ndani ya friji, kwa ajili ya usiku usio na umeme. Vitafunguliwa tarehe 7 Oktoba.